Umeongeza upepo kwenye tabo, gia boksi nani kaiambia?

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nahangaika na gari. Na kwa kuwa gari hilo limenifumbua macho kwenye jambo ambalo vijana wengi wa rika langu hapa Dar tunalikosea, leo siasa naziweka kando. Siasa zipo tu, hazikimbii.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2004, lile umbo la SG5, injini ya lita mbili yenye tabo, gia boksi ya otomatiki ya gia nne. Nililinunua kwa jamaa aliyekuwa analitumia Arusha, kwa mkopo wa SACCOS ambao mpaka leo unakatwa kwenye mshahara (na mshahara wa ripota mnaujua). Siku ya kulijaribu nililipenda hapo hapo. Ukikanyaga mafuta linakubandika kwenye kiti mpaka unacheka peke yako. Muuzaji akaniambia, "Hii imetiwa upepo kidogo kaka, utaenjoi." Mimi nikaona ni sifa. Nikalipa.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Nilikuwa nampeleka mama Morogoro. Tumeshapita Chalinze, mbele yetu kuna semitrela linajikongoja. Nikachungulia, kweupe, nikatoka kulipita. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, gia ikashuka ya pili kama inavyotakiwa, gari likachomoka. Tulipofika usawa wa kichwa cha lile lori, gia boksi ikataka kuingia ya tatu... na hapo injini ikalia kama imekatikiwa na kitu. Mshale wa mizunguko unapanda, gari halisogei. Kama vile unaendesha baiskeli halafu mnyororo unatoka. Mbele basi limeshatokea, linawasha taa. Sijui ilikuwa sekunde moja au mbili. Kisha gia ikashika kwa kishindo, gari likaruka, nikaingia upande wangu.

Mama hakusema neno mpaka tunafika. Tulipopaki ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hili gari ulinunua kwa nani?"

Niliporudi Dar nikalipeleka gereji ninayokwenda siku zote. Fundi akalizungusha mtaa mmoja tu, akarudi na hukumu: "Gia boksi imekwisha bosi. Nipe milioni mbili na nusu, nachukua ya mtumba Shaurimoyo, kesho nakufungia." Nilikaribia kukubali. Lakini kazi hii imenipa tabia moja: chanzo kimoja si habari. Nikatafuta cha pili.

Chanzo cha pili ni mzee mmoja ambaye shughuli yake ni gia boksi za otomatiki peke yake, tangu zile enzi mafundi wengi walikuwa wanazikimbia. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za gia ya pili na ya tatu. Akanikatisha. "Kijana, nani alishika tabo ya hili gari?"

Nikashangaa. Mimi nazungumzia gia, yeye anauliza tabo!

Akafungua boneti, akaufuata kwa kidole mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo, akafika mahali akasimama. Palikuwa na kikoki cha shaba, kidogo kama kifundo cha kidole, kimeunganishwa katikati ya ule mpira na kubanwa kwa waya. "Huyu hapa," akasema, "ndiye mchawi wako."

Ngoja nieleze kidogo kwa wale ambao kama mimi tulisoma sanaa. Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inashindilia hewa kuingia ndani ya injini. Hewa nyingi na mafuta mengi, ndiyo nguvu. Ili isipitilize, kuna kilango ambacho mafundi wanakiita westigeti. Presha ya hewa ikifika kiwango, kilango kinafunguka, moshi mwingine unapita pembeni na tabo inatulia. Kinachokifungua ni presha yenyewe, inayopita kwenye ule mpira mwembamba. Ukiweka kikoki kinachovujisha, kilango kinadanganywa. Kinadhani presha bado ndogo, kinachelewa kufunguka, upepo unapanda. Kazi ya nusu saa, na kikoki hakizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ndiyo maana kimejaa mjini.

Mpaka hapo hakuna tatizo kwa gia boksi, si ndiyo? Injini imepata nguvu, basi na gari likimbie. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Tatizo ni namna gia boksi ya otomatiki inavyofanya maamuzi. Ndani yake kuna mafungu ya klachi, sahani nyembamba zilizolowa kwenye oili, na kinachozibana ni presha ya oili hiyo hiyo. Kutoka ya pili kwenda ya tatu maana yake kitu kimoja kinaachia na kingine kinashika, na yote yanafanyika chini ya sekunde moja huku injini inaendelea kuvuta. Presha ikiwa ndogo kuliko nguvu inayokuja, sahani zinateleza. Ikiwa kubwa mno, gia inaingia kwa kishindo na abiria wanatikisa vichwa. Kwa hiyo kila inapobadilisha, gia boksi lazima ijue injini inaleta nguvu kiasi gani.

Inajuaje? Hapa ndipo nilipoachwa mdomo wazi. Katika magari mengi ya enzi za hili langu, haipimi nguvu. Inakisia. Inaangalia umekanyaga mafuta kiasi gani, gari linakwenda kasi gani, injini inazunguka mara ngapi, oili ina joto gani, halafu inatazama jedwali ambalo kiwanda kililiandika kwa ajili ya injini ya kiwandani. Hata zile zinazopewa taarifa zaidi na kontrolo boksi ya injini, jedwali lao linaishia pale kiwanda kilipoishia. Mzee aliniambia kwa lugha yake: gia boksi inasoma mguu wako, haisomi upepo.

Sasa fikiria. Kiwandani, nikikanyaga nusu, injini inatoa kiasi fulani, na gia boksi imejiandaa kwa kiasi hicho. Mwenzangu wa Arusha kaweka kikoki. Nusu ile ile ya mguu sasa inaleta nguvu nyingi zaidi, kwa sababu tabo hujaa kabla pedeli haijafika mbali. Gia boksi inasoma "nusu", inabana klachi kwa presha ya nusu, na hata inaingia gia ya juu mapema ikidhani dereva anajiendea taratibu. Halafu mzigo unaoifikia ni wa mtu anayeshindana. Klachi inateleza. Si sana. Kidogo tu kila mara, kidogo ambacho husikii kwa sababu unafurahia kusukumwa mgongo.

Kuna na jambo jingine. Wakati wa kubadilisha gia, kontrolo boksi ya gia huomba ile ya injini ipunguze nguvu kwa kitambo, kwa kuchelewesha cheche za plagi, ili klachi zishikane bila kuumizana. Kipimo cha kupunguza nacho kilipangwa kiwandani. Ukiongeza upepo, inapunguza kile kile ilichofundishwa, kinachobaki bado ni kikubwa. Yaani hata ule ustaarabu wa injini na gia boksi kuongea, kikoki kimeuvuruga.

Na kuteleza ni joto. Joto linachoma oili, oili iliyochoka haishiki vizuri, klachi zinateleza zaidi, joto linaongezeka. Mzee alivuta kijiti cha kupimia, akanipa ninuse. Jamani! Badala ya ule wekundu wa oili mpya, ilikuwa nyeusi ya kahawia na inanuka kama ugali ulioungua. Hapo nikakumbuka kitu. Karibu wiki tatu, kila asubuhi nikiwasha, taa ya joto la oili ya gia boksi ilikuwa inapepesa mara kadhaa kisha inazima. Kwenye Subaru hizi hiyo ndiyo namna ya gia boksi kusema imehifadhi hitilafu kwenye kumbukumbu. Mimi nilidhani inanisalimia.

Mzee akafunga geji ya upepo tukaenda barabarani. Ikasoma 1.2. Akakitoa kikoki, akaunganisha mpira kama ulivyokuwa, tukarudia. Ikakaa kwenye 0.8 na ushee. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nainunua kwa kucheka peke yangu.

Halafu akaniuliza gari lilikuwa wapi kabla. Nikamwambia Arusha. Akatabasamu. Nimekaa nikapiga hesabu na nikaona kwa nini. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ya kawaida pale ni kama 0.86 ukilinganisha na 1.01 ya hapa pwani. Geji ya upepo inahesabu kuanzia hewa ya nje. Kwa hiyo 1.2 ya Arusha ni 2.06 kwa jumla, na 1.2 ya Dar ni 2.21. Gari lile lile, kikoki kile kile hakijaguswa, limeteremshwa tu mpaka ufukweni, na hewa inayoingia kwenye injini imeongezeka karibu asilimia 7. Joto la Dar linakula sehemu ya faida hiyo, sawa, lakini joto hilo hilo linaipika oili ya gia boksi kwenye foleni ya Kimara. Muuzaji wangu huenda hakudanganya aliposema kwake halikuwahi kusumbua. Wenzetu wa Nairobi wanaoteremka Mombasa kwa mapumziko na magari yaliyotiwa upepo huko juu, nanyi piganeni hesabu zenu.

Haya. Nimeeleza ugonjwa wangu. Sasa niseme kinachonikera hasa.

Hapa mjini kuna fundi wa injini na kuna fundi wa gia boksi, na kila mmoja ana kijiwe chake. Wa injini anakutia upepo, anapokea hela, unaondoka unafurahi. Miezi sita baadaye gia zinateleza, unakwenda kwa wa gia boksi, anakufungia nyingine ya mtumba bila kutazama tabo. Miezi sita tena, ya mtumba nayo imekufa. Wewe unasema "Subaru gia boksi zake mbovu." Umelipa mara mbili na mchawi bado amekaa kwenye mpira wake anakula upepo. Ninachosema mimi ni hiki: fundi anayeongeza upepo kwenye gari la otomatiki bila kugusa upande wa gia ameuza nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima. Amechukua nguvu kwenye injini na kupeleka bili kwenye gia boksi, na bili hiyo mara nyingi inalipwa na mtu wa tatu ambaye hakuwepo. Kama mimi.

Na inakwenda kinyume pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Kuna dada tunafanya naye kazi, dawati la michezo, ana Forester kama langu. Lake lilikuwa na tatizo la kinyume: gia zinachelewa kuingia, zikiingia zinapiga. Naye aliambiwa gia boksi. Baada ya yaliyonikuta nikamsihi aende kwa yule mzee kwanza. Mzee akakuta mpira wa intakula umepasuka kwa chini, upepo unavujia nje. Gari limekosa nguvu, dada wa watu anakanyaga mafuta zaidi ili liende, gia boksi inasoma mguu mzito, inajiandaa kwa vita: inachelewesha gia, inapandisha presha, inabana kwa nguvu zote. Nguvu yenyewe hakuna. Ndiyo maana inapiga. Mpira mpya na klipu mbili, gia zikawa laini siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeigusa gia boksi yake. Nikiwaza zile milioni zilivyokuwa zinamnyemelea...

Mtu asidhani ni mambo ya Subaru tu, au ya kisasa. Wamarekani waliyapitia na Buick Grand National, ile nyeusi ya miaka ya themanini yenye injini ya V6 ya lita 3.8 na tabo, otomatiki ya gia nne. Gia boksi yake haikutegemea kompyuta kujua presha ya kubana. Ilitegemea waya, waya wa chuma kabisa, unaotoka pale mafuta yanapokanyagwa mpaka ndani ya gia boksi. Ukikanyaga unavuta waya, presha inapanda. Waya ukilegea kidogo, presha inakuwa ndogo na klachi zinaungua. Waliokuwa wanaongeza upepo kwenye magari hayo walijifunza kwamba siku unayogusa tabo, ndiyo siku unayoukagua na waya. Sisi waya wetu ni sensa na jedwali, hatuuoni, basi tunajifanya haupo.

Viwanda vyenyewe vinaheshimu jambo hili kuliko sisi. Subaru walipotoa Legacy GT mwaka 2003 huko Japani, ile ya manyuo ilikuwa na farasi 280. Ya otomatiki, injini ya lita mbili ile ile yenye tabo, wakaiachia 260. Mwaka 2004 wakataka Forester yenye farasi 265, ile STI. Wakaipa gia boksi ya manyuo ya gia sita, otomatiki hawakuiweka kabisa. Forester ya tabo ya kawaida kama yangu, inayokuja na otomatiki, ilikuwa na farasi 220. Watu waliolitengeneza gari, wenye maabara na mahandaki ya kujaribia, wameona wapige breki hapo. Halafu sisi na kikoki cha shaba na waya wa kufungia...

Najua wapo watakaonijia juu. "Mbona kuna Mark II za Tourer V otomatiki, zimetiwa upepo na zinapaa?" Kweli zipo. Sijasema haiwezekani. Lakini waulize wenye nazo wanaojua wanachofanya. Utasikia wameweka kipozeo cha ziada cha oili ya gia boksi, wameongeza presha ya oili, wameandika upya jedwali la kubadilisha gia, wengine wamefungua gia boksi wakaongeza sahani za klachi. Yaani wameiambia gia boksi. Na wale waliobadilisha tabo yenyewe wakaweka kubwa, watakueleza na habari nyingine: tabo kubwa inachelewa kuamka, inahitaji mizunguko mingi. Otomatiki ya kiwandani ikiingia gia ya juu, mizunguko inaanguka chini ya pale tabo inapoamka, gari linazimia, dereva anaongeza mguu, gia inarudi chini, tabo inaamka, gia inapanda tena, linazimia tena. Umenunua nguvu halafu unakaa katikati ya mabishano.

Wenye magari mapya msicheke. Kwenye magari ya sasa kontrolo boksi ya injini huihesabu nguvu na kuituma kwa ya gia, hivyo gia boksi haibahatishi kama zamani. Vizuri sana. Lakini kuna vile vijiboksi vinavyochomekwa kwenye sensa, hata kwenye Prado za dizeli vinafungwa, ambavyo kazi yake ni kuidanganya kontrolo boksi ya injini kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, ili iongeze. Ikidanganywa yenyewe, nayo inapeleka uongo ule ule kwa gia boksi. Zamani gia boksi ilikuwa haijui. Sasa inaambiwa uongo na mtu inayemwamini. Mimi sioni nafuu iko wapi. Anayetaka nguvu kwenye gari la namna hiyo aandikiwe upya programu ya injini na ya gia kwa pamoja, au aliache kama lilivyo.

Na wauzaji. Ukiuza gari lililotiwa upepo, sema. Sema lilitiwa lini, kiasi gani, na gia boksi ilifanywa nini. "Imetiwa upepo kidogo" si maelezo, ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Na wewe mnunuzi, siku ya kulijaribu usiende na msisimko kama wangu. Kabla hujawasha, fungua boneti ufuate mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo, uone kama kuna kitu katikati ambacho hakifanani na vya kiwandani. Waya, klipu ya rangi nyingine, kikoki. Vuta kijiti cha oili ya gia boksi unuse. Mwambie muuzaji mwende barabarani mpaka lipate joto, dakika kama 20, halafu ndipo ukanyage mafuta kwa nguvu ya pili kwenda ya tatu. Kukiwa kwa baridi hata kimeo huwa na adabu.

Kuhusu la kwangu. Kikoki nimekiweka kwenye droo ya meza yangu kazini. Oili tumebadilisha mara 3 kwa kupishana wiki, kwa sababu ukiimwaga inatoka chini ya nusu tu, nyingine inabaki ndani. Kuteleza kumepungua sana. Asubuhi gari linakwenda kama halina kosa. Ila jioni nikitoka mjini, baada ya saa nzima ya foleni, nikifika Mbezi nikapandisha kile kilima, ya pili kwenda ya tatu bado inasitasita kidogo, na moyo wangu unarudi kwenye lile basi. Mzee anasema sahani zimeshaliwa, nijiandae, labda mwaka, labda miezi. Nimeanza kuweka akiba. Morogoro sasa napanda basi, na mama ameniambia hilo analiafiki.

Nikiri pia, nimeukosa ule msukumo. Siku ya kwanza bila kikoki niliona gari limekuwa la mchungaji.

Juzi nilimpigia muuzaji. Sikumpigia kwa ugomvi, nilitaka kujua alikitia lini na kwa nani. Akawa muungwana, akakumbuka hata gereji. Nikamuuliza: fundi aliposhika tabo, aligusa chochote upande wa gia boksi? Simu ikawa kimya kidogo. Kisha akasema, "Gia boksi? Kwani inahusiana nini, kaka?"